Ndoo ya Maganda: Mboji ya Jikoni kati ya Dzaleka na Lilongwe

Maandishi mengi kuhusu Dzaleka huanza na gereza, na yana sababu. Tangu miaka ya 1960 hapa palikuwa mahali pa kuwafungia wapinzani wa Kamuzu Banda, na jina lenyewe linatokana na kitenzi cha Kichewa kuleka, yaani kuacha: ndidzaleka, nitaacha, sitarudia tena. Mwaka 1994, mwaka ule ule Banda aliposhindwa katika uchaguzi, pakawa kambi ya wakimbizi. Baada ya gereza waandishi hutaja mauaji ya Rwanda, vita vya Burundi na vya Kongo, kisha hesabu ya watu: kambi iliyokusudiwa watu elfu kumi hivi ina zaidi ya 50,000 leo. Hapo ndipo historia yetu huishia, kana kwamba tangu 1994 hakuna lililotokea isipokuwa watu kuongezeka.

Mimi nimechagua kufuata kitu kidogo zaidi. Nimefuata maganda ya viazi, ya ndizi na ya muhogo, vikonyo vya sombe, majani ya chai yaliyokamuliwa, maganda ya mayai na majivu, tangu yanapotoka kwenye kisu hadi yanapogeuka udongo. Nimezungumza na watu kadhaa wa kambini, wengi wao akina mama, pamoja na wanakijiji wawili wa jirani katika wilaya ya Dowa. Hakuna hati ya kunisaidia. Ofisi huandika nani alipokea nini. Haziandiki nani alitupa nini. Lakini kila niliyemuuliza alikumbuka ndoo yake, ilikaa wapi na nani alitumwa kwenda kuimwaga, na wengine walikumbuka hata rangi yake.

Ninasema "ndoo" kwa urahisi tu. Mara nyingi ni kopo la mafuta ya msaada lililokatwa mdomo, au beseni lililopasuka ukingo, au sufuria iliyotoboka ambayo fundi ameshindwa kuiziba. Haikai juu ya meza, maana jiko letu halina meza, tunapika chini. Hukaa nyuma ya mlango au kando ya mafiga, imefunikwa kwa kipande cha bati na jiwe juu yake, kwa ajili ya kuku wa jirani. Kilichomo pia kina majina mengi, na Kiswahili ni makini hapa kuliko lugha nyingi nizijuazo. Makombo si maganda, maganda si makapi, makapi si pumba. Makombo humwendea mtoto au mbwa. Pumba zina bei yake sokoni. Ndoo hupata kile ambacho hakuna mwingine aliyekidai, na jambo hili ni la msingi katika kuelewa yanayofuata.

Swali langu la kwanza kwa kila mama lilikuwa hili: je, nyumbani mlikuwa na ndoo ya namna hii? Karibu wote walicheka. Mama mmoja aliyetoka Walungu, Kivu ya Kusini, alinijibu kwa swali: "Ndoo ya nini, mtoto wangu, na mgomba uko mlangoni?" Hilo ndilo jibu la kihistoria, ingawa yeye alilisema kama mzaha. Katika nchi za Maziwa Makuu, kuanzia Kivu na Burundi hadi Kagera, shamba la migomba limezunguka nyumba, na nyumba ndiyo imelilisha shamba. Kibanja cha Wahaya ni mfano unaojulikana sana: vizazi kwa vizazi vya samadi ya ng'ombe, nyasi za matandazo, majivu na taka za jikoni vimejenga udongo mweusi kando ya nyumba, huku ardhi ya mbali kidogo ikibaki hafifu. Mwenye mgomba mlangoni hahitaji chombo cha kukusanyia. Anamenya, anainuka, anatupa. Mvua hunyesha katika misimu miwili, ardhi haikauki kwa muda mrefu, na kuoza ni kazi ambayo hakuna anayeifanya.

Kwa hiyo ndoo ni kitu cha ukimbizini. Inaanza pale nyumba inapotenganishwa na shamba.

Waliofika katika miaka ya mwanzo wanasema kwamba hawakuihitaji mara moja. Kati ya nyumba na nyumba palikuwa na nafasi. Mtu aliweza kuchimba shimo nyuma ya ukuta, akatupa humo, akapanda maboga juu yake. Walifanya kama walivyozoea kwao, na kwa miezi michache ilikubali. Kisha ukaja Mei. Malawi ya kati ina msimu mmoja wa mvua, tangu Novemba hivi hadi Aprili. Baada ya hapo anga hufunga kwa nusu mwaka. Mzee mmoja kutoka Fizi alinisimulia jinsi alivyofukua shimo lake mwezi Septemba wa mwaka wake wa kwanza akitarajia mbolea, akakuta maganda ya ndizi yamekuwa meusi na magumu kama ngozi ya kiatu. Hayakuwa yameoza. Yalikuwa yamekauka tu. "Hata uchafu wa huku ulikuwa unatungoja tuondoke," alisema.

Maganda hayageuki udongo kwa kuachwa tu. Vijidudu vinavyoyala vinahitaji maji, hewa, na mchanganyiko wa vitu vibichi na vikavu: mabichi yana naitrojeni, makavu yana kaboni, na wataalamu hupenda kaboni iwe mara 25 hadi 30 ya naitrojeni. Maji yakikosekana vijidudu hulala. Hewa ikikosekana huja vingine, vyenye harufu. Haya si maarifa mapya. Albert Howard, Mwingereza aliyefanya kazi Indore nchini India tangu 1924 hadi 1931, aliandika pamoja na Yeshwant Wad kitabu kilichotoka 1931 kuhusu namna ya kuozesha mabaki ya shamba kwa tabaka. Msimu wa kiangazi walifanya ndani ya shimo ili unyevu usipotee, msimu wa mvua walipandisha lundo juu ya ardhi ili maji yasijae. Sehemu ya alichokijua alikikuta kwa wakulima wa India wenyewe, na sehemu alikisoma katika kitabu cha Mmarekani F. H. King cha 1911 kuhusu wakulima wa China, Korea na Japani. Katika miaka ya 1930 mbinu ya Indore ilifika kwenye mashamba ya kahawa ya walowezi nchini Kenya. Ninaitaja safari hiyo ndefu kwa sababu moja tu: katika vitabu mboji ina baba, naye ni Howard. Katika kumbukumbu za Dzaleka baba huyo hayumo. Waliotufundisha ni majirani zetu.

Wachewa wana neno chimato, linalotokana na kumata, yaani kukandika. Ni lundo la mboji linalojengwa kwa tabaka, likawa kama kichuguu, kisha likakandikwa udongo kote kama ukuta wa nyumba. Chini huwekwa mabua ya mahindi, juu yake majani mabichi na samadi, kisha majivu au udongo kidogo, maji, halafu tena. Tope la nje huzuia jua lisinyonye unyevu. Kijiti huchomekwa hadi katikati. Ukikichomoa kikiwa na moto, kazi inaendelea, kikiwa cha baridi, imelala au imekwisha. Baada ya miezi miwili au mitatu lundo hubomolewa. Mabwana shamba wa serikali, ambao kwa Kichewa huitwa alangizi, wamekuwa wakilihimiza vijijini.

Mama wa Walungu alijifunza chimato kwa mwanamke wa kijijini aliyekuwa akimuuzia masamba. Hapakuwa na semina. Alimkuta siku moja akikandika, akadhani anajenga tanuri. Alipouliza, aliambiwa "manyowa", akaenda nalo nyumbani neno hilo, na mpaka leo kambini watu wengi husema manyowa hata wakizungumza Kiswahili. Mboji ni neno la kitabuni, nililikuta shuleni. Kwa mwanafunzi wa lugha hili nalo ni ushahidi. Tulikuja na majina yetu ya ndizi, ya maharage na ya sombe, lakini jina la kitu hiki tulilipokea pamoja na kitu chenyewe.

Upande wa kijiji nao una historia yake. Mmoja wa wazee wawili niliozungumza nao alisema kwamba baba yake hakupenda kusikia mtu wa ofisi akizungumzia udongo. Enzi ya Nyasaland, hasa baada ya 1945, serikali ya kikoloni ililazimisha wakulima kulima kwa matuta yaliyofuata mkingamo wa mlima. Aliyekataa alitozwa faini au kufungwa, na chuki hiyo ilichangia vurugu za 1953. Matuta yenyewe huenda yalikuwa na faida. Lakini elimu ya udongo iliyokuja na polisi ilichukua muda mrefu kusahaulika. Ndipo nikaelewa kwa nini mzee huyo alisifu chimato kwa maneno haya: "Hiki hakuna aliyefungwa kwa ajili yake."

Chimato, hata hivyo, kilikuja kambini kikakutana na shida mbili ambazo kijijini si kubwa. Ya kwanza ni mabua. Kijijini baada ya mavuno mabua hubaki shambani; kambini mabua na magunzi ni kuni. Mwenye mkaa hafikirii, lakini mwenye kuokota hatachukua kitu kinachowaka akakifukia ardhini. Matokeo yake ndoo zetu zina vitu vibichi vingi na vikavu vichache. Hapo hutoka maji meusi, huja nzi, huja funza, huja jirani. Wapo waliotatua jambo hili kwa kwenda kwa maseremala kuomba maranda na vumbi la mbao, wakawa wanarusha konzi moja ndoani kila wanapomwaga maganda. Kijana mmoja anayefanya kazi ya useremala aliniambia kwamba miaka ya nyuma walikuwa wanachoma vumbi hilo. Sasa akina mama huja na mifuko, na yeye huwapendelea wale wanaomletea mboga baadaye. Nililiona jambo hili kuwa la ajabu kidogo: kitanda anacholalia mtu na mchicha anaokula vimetoka kwenye ubao mmoja.

Shida ya pili ni maji. Lundo moja la chimato hunywa ndoo kadhaa wakati wa kulijenga. Maji ya bomba tunayapangia foleni. Kwa hiyo lundo la kambini hupewa maji ya kuoshea vyombo, maji ya kunawia mchele, maji ya kufulia yasiyo na sabuni nyingi. Mama mmoja Mrundi ana sheria nyumbani kwake kwamba hakuna tone linalomwagwa njiani. Hata mgeni akisuuza mikono, beseni hupelekwa nyuma. Binti zake wanalalamika. Wao ndio wanaobeba. Na hapa niseme wazi: katika mazungumzo yote sikumkuta mwanamume hata mmoja anayemwaga ndoo ya maganda, ingawa niliwakuta watatu waliojisifu kwa bustani zao.

Mwaka 2022 ndoo ilipata adui mwingine. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Machi mwaka huo ulikuwa mbaya kuliko yote katika historia ya Malawi. Waliokufa nchini walipita 1,700. Usafi ukawa neno la kila siku, na ni haki. Lakini kwa macho ya jirani mwenye hofu, lundo linalooza ni uchafu tu, na ndoo yenye nzi ni ugonjwa. Kipindupindu huenezwa na kinyesi kinachofika kwenye maji na chakula. Ganda la kiazi lililofukiwa halina hatia hiyo, ila nzi wanaweza kutembea kati ya choo na sahani, na hapo mwenye hofu naye ana hoja. Akina mama wawili waliniambia walibomoa malundo yao wakati huo ili kuepusha maneno. Mwingine alihamisha ndoo yake ndani ya nyumba, chini ya kitanda, akaifunga kwa mfuko wa plastiki. Alilala nayo miezi minne.

Kuna jambo jingine nililolipata bila kulitafuta, nami naona ndilo lenye uzito kuliko yote. Nilikuwa nikiuliza, kama swali la kawaida, ndoo hujaa kwa siku ngapi. Majibu yalibadilika kulingana na miaka. Zamani, walipopewa nafaka, mikunde na mafuta, maganda yalikuwa machache, kwa kuwa mahindi hayamenywi. Lakini waliokuwa na biashara walinunua viazi na ndizi, na ndoo ilijaa kwa siku tatu au nne. Mgao ulipogeuzwa kuwa fedha, kila mtu akawa mnunuzi sokoni, na mama mmoja anakumbuka wakati ambapo alimwaga kila baada ya siku mbili. Kisha bei zikapanda. Kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 25 mwezi Mei 2022 na kwa asilimia 44 Novemba 2023, na msaada nao ukapunguzwa. Ndoo ile ile sasa huchukua wiki nzima. Wengine wameacha kumenya viazi. Wanaviosha na kuvipika na ganda lake. Maganda ya ndizi mbichi hukatwakatwa na kupelekwa kwa mwenye mbuzi, ili siku moja apatikane mwenye kurudisha fadhila. Nilimwuliza mama wa Walungu kama bado anatengeneza manyowa. Alinionyesha ndoo. Ndani mlikuwa na majivu, majani ya chai na vikonyo vitatu. "Niambie wewe unayesoma," alisema, "nioze nini?"

Watu wanaohesabu njaa hupima mikono ya watoto na kuuliza familia ilikula mara ngapi jana. Sidai kwamba ndoo ni kipimo bora. Lakini ni kumbukumbu ambayo haikuandikwa na ofisi, na wanaoitunza hawakujua kwamba wanatunza kumbukumbu.

Haya yanatokea wakati ambapo mbolea ya dukani imekuwa ghali sana. Malawi ilianzisha ruzuku kubwa ya pembejeo msimu wa 2005/06, wakati wa Bingu wa Mutharika, na 2020 ikaja programu nyingine badala yake. Zote mbili ni za wakulima wadogo wa Malawi. Mkimbizi hana kuponi. Bei ya mbolea duniani ilipopaa 2021 na 2022, hata wanakijiji wenye ruzuku walirudi kwenye chimato kwa nguvu. Mwanamke mmoja wa kijijini alinunua mboji kutoka kambini mwaka huo kwa magunia. Mwalimu aliyezaliwa Kongo akarudi kumuuzia mwanafunzi wa Dowa kile ambacho bibi za Dowa walimfundisha: siwezi kupata mfano bora wa jinsi maarifa yanavyosafiri, wala sitaki kuupamba zaidi.

Lilongwe ilikuwa na hadithi tofauti. Mji huo ulichukua nafasi ya Zomba kama makao makuu mwaka 1975, ukapangwa kwa maeneo yenye namba, nyumba nyingi zikiwa na viwanja vipana. Soko la Lizulu, kando ya mto Lilongwe, hutoa kila siku majani ya kabichi, nyanya zilizopondeka na mabua ya miwa kuliko kambi nzima kwa wiki. Katika makazi kama Mtandire vikundi vya wanawake vimejifunza kugeuza taka hizo kuwa mboji na kuiuza. Wakimbizi wengi walioondoka Dzaleka kwenda kufanya biashara mjini walipata huko kitu ambacho kambi haikuwa nacho: uwanja, hata kama ni wa kupanga.

Sheria haikuwa upande wao. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987 ikiwa imeweka masharti, likiwemo la uhuru wa kwenda na kukaa utakako. Sheria ya Wakimbizi ikafuata 1989. Kwa miaka mingi masharti hayo yalibaki kwenye karatasi na watu wakaishi mjini. Mwaka 2021 serikali iliagiza wote warudi kambini kufikia mwisho wa Aprili, mahakama ikasimamisha. Machi 2023 agizo lilitolewa tena, na katikati ya Mei polisi walianza kuwakusanya watu Lilongwe na kuwaleta Dzaleka. Maduka yalifungwa yakiwa na bidhaa ndani. Hayo yameandikwa na wengine, nami sitayarudia.

Nitasema tu juu ya lundo moja. Mama mmoja aliyeuza mboga Lilongwe alikuwa na ndoo mbili jikoni kwake, moja ya maganda, moja ya majivu, na nyuma ya nyumba aliyopanga alikuwa na chimato. Alikikandika mwanzoni mwa Mei 2023, wakati unaofaa kabisa, mvua zikiwa zimekatika na majani mabichi yakiwa bado yapo. Kingekuwa tayari Julai, akapumzisha, akakitia ardhini kabla ya Novemba. Wiki mbili baadaye alikuwa Dzaleka na mabegi mawili, amelala kwa ndugu. Nilimuuliza aliwaza nini siku zile za kwanza. Nilitarajia ataje duka au fedha za watu alizokuwa nazo. Alizitaja, ndiyo, kisha akasema: "Na lile lundo. Nilijiuliza nani atalibomoa, na atajua kwamba limeiva?"

Mwezi Agosti alipiga simu kwa mwenye nyumba wake wa zamani, mama wa Kimalawi, kuulizia vyombo. Mwenye nyumba alimwambia vyombo vipo, na manyowa yapo, na kwamba nusu amekwisha yatia kwenye mboga. Nusu nyingine ilikuja Dzaleka kwa minibasi, ndani ya magunia mawili ya saruji. Kondakta aliyatoza nauli kama mzigo wa biashara. Walibishana stendi: yeye akisema ni udongo, kondakta akisema udongo haubebwi na mtu mwenye akili, kwa hiyo lazima una thamani. Alilipa. Alikuwa hana kiwanja, hivyo aliyajaza kwenye magunia yaliyotobolewa matundu ubavuni, akapanda mchicha na vitunguu, na hadi nilipozungumza naye magunia hayo yalikuwa yamesimama mbele ya mlango kama walinzi.

Nina binamu aliyehamishiwa Marekani, katika jimbo la Vermont, ambako tangu 1 Julai 2020 sheria inakataza kabisa kutupa mabaki ya chakula pamoja na taka nyingine. Alinitumia picha ya ndoo yake: ndogo, ya rangi ya kijani, ina kifuniko chenye kichujio cha mkaa kuzuia harufu, imekaa juu ya kaunta kando ya sinki. Kila mwisho wa wiki anaipeleka kituoni na kuimwaga. Nilimuuliza mboji inakwenda wapi baadaye. Hajui. Huko ndoo ni wajibu wa raia kwa mji wake, na anayeimwaga hana haja ya kuuona udongo. Mama yake, yaani shangazi yangu, alipoiona picha hiyo hakushangaa kifuniko wala kichujio. Alishangaa kwamba ndoo imejaa hadi juu, na akauliza ni watu wangapi wanaishi nyumba hiyo. Ni wawili.

Familia ya binamu huyo ilipoondoka Dzaleka iliacha nyumba ya tofali za udongo, kama wanavyofanya wote wanaoondoka. Kuachiana nyumba kambini kuna hesabu yake: mlango na kitasa chake, mabati kwa idadi, kitanda, mafiga kama ni ya chuma. Nilidhani nimeijua hesabu hiyo yote, maana nimeishuhudia mara nyingi. Nilipokuwa nikikamilisha mazungumzo haya nilimsikia mama mmoja akipatana na familia iliyokuwa na tarehe ya kusafiri. Walikubaliana mlango, wakakubaliana mabati. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba, akachomoa kijiti kutoka kwenye lundo lililokandikwa, akakishika kwenye kiganja, akarudi na kusema kwamba kwa bei hiyo, na hiki kimo. Mwenye nyumba alisema hapana, hicho ni kazi ya miezi mitatu. Waliongezeana kwacha elfu mbili.